Shule Iliyomfuata Muuguzi

Mwaka 1925 Mary Breckinridge aliingia kaunti ya Leslie, mashariki mwa Kentucky, akiwa juu ya farasi, kwa sababu gari halikuwa na pa kupita. Ilikuwa nchi ya mabonde membamba na milima iliyosongamana, na mara nyingi njia ya kwenda kwa jirani ilikuwa ni kijito chenyewe. Breckinridge alikuwa na miaka 44. Ukoo wake ulikuwa wa majina makubwa, maana babu yake aliwahi kuwa Makamu wa Rais wa Marekani, lakini ukubwa wa jina haukumkinga na msiba. Binti yake aliishi saa chache tu baada ya kuzaliwa, na mwanawe wa kiume alifariki mwaka 1918 akiwa na miaka minne. Baada ya hapo mama huyo alifanya kazi ya uuguzi Ufaransa iliyobomolewa na vita, akasomea ukunga London, kisha mwaka 1924 akaenda Scotland kutazama jinsi wauguzi walivyokuwa wakihudumia watu wa milimani na visiwani, mahali ambapo daktari alikuwa mbali.

Aliyoyaona Scotland ndiyo aliyoyapanda Kentucky. Shirika lake, ambalo mwaka 1928 lilichukua jina la Frontier Nursing Service, lilijenga hospitali ndogo mjini Hyden na kutawanya vituo vya wauguzi milimani. Kaya ililipa dola moja kwa mwaka, na uzazi dola tano; asiye na fedha alilipa kwa kuni, kwa mahindi au kwa nguvu zake. Muuguzi alipokuwa peke yake usiku kwenye kibanda cha magogo, alikuwa na kijitabu kilichoandikwa na madaktari wa shirika kikimweleza afanye nini, atoe dawa gani, na wakati gani atume mtu kumwita daktari. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ilipokagua uzazi elfu moja wa kwanza, ilikuta kwamba hakuna mama aliyekufa moja kwa moja kutokana na ujauzito au kujifungua. Hesabu hiyo ilitoka mwaka 1932, wakati vifo vya uzazi katika nchi nzima vilikuwa aibu.

Kijitabu kile ndicho ninachotaka msomaji akikumbuke kuliko farasi. Farasi wamepigwa picha mno, na wafadhili wa New York waliwapenda. Lakini ndani ya kijitabu kulikuwa na jambo zito zaidi: muuguzi, mbali na daktari, anampima mgonjwa, anatambua kinachomsumbua, anaanza tiba. Sheria ya Marekani haikuwa na jina la mtu wa namna hiyo. Milima ilimhitaji, basi akawepo.

Wengi wa wauguzi wale walikuwa Waingereza au Wamarekani waliosomea ukunga Uingereza. Vita vilipozuka mwaka 1939, Waingereza wengi walirudi kwao, na Breckinridge akaona hana budi kusomesha wake mwenyewe. Mwaka huo huo akafungua shule ya ukunga palepale Hyden. Hakuipeleka Louisville wala Lexington kwenye vyuo na maktaba. Aliiweka katikati ya wagonjwa.

Sasa turuke hadi mwaka 1965, ambao katika historia hii ni mwaka wa mambo matatu.

Mwezi Mei, Breckinridge alifariki. Mwezi Julai, tarehe 30, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi Independence, Missouri, akatia saini sheria ya Medicare mbele ya Rais mstaafu Harry Truman, mzee wa miaka 81, ambaye alikabidhiwa kadi ya kwanza ya bima hiyo. Kuanzia mwaka uliofuata, takriban wazee milioni 19 wenye miaka 65 na zaidi walikuwa na bima ya serikali. Walikuwa na kadi mkononi. Madaktari wa kuwaona ndio hawakutosha, hasa vijijini, kwa kuwa kwa miaka mingi vijana waliosomea udaktari walikuwa wakikimbilia ubingwa na miji mikubwa.

Jambo la tatu lilitokea Denver, katika Chuo Kikuu cha Colorado, bila kamera. Loretta Ford, muuguzi wa afya ya jamii, na Henry Silver, daktari wa watoto, walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kufanya kazi ambayo hadi hapo ilihesabiwa kuwa ya daktari. Ford alizaliwa mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa muuguzi jeshini, kisha akafanya kazi Boulder na vijiji vyake, akiendesha gari kutoka kanisa hadi shule, akifungua kliniki za muda za kina mama na watoto. Kazi ile alikuwa akiifanya tayari: kupima, kusikiliza kifua, kuamua. Alichokitaka ni ifundishwe ipasavyo chuoni na itambuliwe hadharani. Mafunzo yale yalianzia kwa watoto, na aliyeyamaliza aliitwa kwa jina ambalo hapa nitaliita muuguzi-tabibu: muuguzi aliyesomeshwa zaidi hadi akaweza kumpima mgonjwa, kutaja ugonjwa na kuandika dawa.

Watu wengi hudhani upinzani ulitoka kwa madaktari. Ulitoka kwao, ndiyo, lakini mwanzoni uliouma zaidi ulitoka nyumbani. Wahadhiri wa uuguzi walisema Ford anauza taaluma yao, anawageuza wauguzi kuwa madaktari wadogo. Martha Rogers, mmoja wa wanafikra wakubwa wa uuguzi wa wakati huo, aliupinga mpango huu waziwazi. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Duke, muuguzi Thelma Ingles na daktari Eugene Stead walikuwa wamejaribu kuanzisha masomo ya juu ya kutibu kwa wauguzi, na chombo cha kitaifa cha kuidhinisha shule za uuguzi kikakataa kuyaidhinisha. Stead alichoka. Mwaka 1965 akawachukua wanaume waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini, akawafunza, na hapo ikazaliwa kada nyingine kabisa ya wasaidizi wa madaktari. Laiti wakubwa wa uuguzi wangekubali mapema, huenda Marekani leo ingekuwa na kada moja badala ya mbili zinazogombania mlango uleule.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kushangaa kidogo. Kwetu swali la kama mtu asiye daktari anaweza kutibu lilijibiwa na uhaba zamani sana. Tabibu wa zahanati, kwa majina yake yote yaliyobadilika kutoka utawala mmoja hadi mwingine, amekuwa akipima, akitibu na kushona majeraha kwa vizazi kadhaa, na mwanakijiji hajawahi kumwuliza ana shahada ya aina gani. Wamarekani walikuwa na madaktari wengi kuliko sisi, na kwa sababu hiyo hiyo walikuwa na kitu cha kugombania.

Kwa watu wazima, mbegu ilikuwa imeshapandwa Kansas. Katika kituo cha tiba cha chuo kikuu cha jimbo hilo, daktari Charles Lewis na muuguzi Barbara Resnik waliwakabidhi wauguzi kliniki ya wagonjwa wa muda mrefu: shinikizo la damu, moyo, unene, wale wanaorudi mwezi baada ya mwezi bila kupona wala kufa. Mwaka 1967 walichapisha matokeo yao. Wagonjwa waliotunzwa na wauguzi walilalamika kidogo na waliridhika zaidi. Mwaka 1971 jimbo la Idaho lilikuwa la kwanza kubadili sheria ili kumruhusu muuguzi kutambua ugonjwa na kutibu. Mwaka 1974 likatoka jaribio lililofanyika Burlington, Ontario, nchini Canada, ambapo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu: nyingine kwa daktari, nyingine kwa muuguzi-tabibu. Afya za watu hazikutofautiana. Kilichopungua ni mapato ya kliniki, kwa kuwa bima haikulipia kazi iliyofanywa na muuguzi. Tangu mwanzo, basi, kikwazo kimekuwa ni nani analipwa, na daima kimevaa kanzu ya usalama wa mgonjwa.

Shule ya Hyden haikubaki nyuma. Mwaka 1970 ilianzisha masomo ya cheti ya wauguzi-tabibu wa familia, ya kwanza ya namna hiyo nchini. Kwa wauguzi wa milimani halikuwa jambo geni. Walichokuwa wakikifanya kwa kijitabu sasa kilipewa darasa.

Na wazee? Wao walikuja mwisho. Watoto walikuwa na Ford na Silver. Kina mama walikuwa na wakunga. Wazee walikuwa na Medicare, ambayo ililipa hospitali na kusahau mambo mengi mengine. Chama cha wauguzi cha Marekani kilianza kutoa vyeti vya umahiri katika uuguzi wa wazee mwaka 1974, na katika miaka iliyofuata vyuo kadhaa vikafungua masomo ya wauguzi-tabibu wa wazee. Wanafunzi walikuwa haba. Kijana wa miaka 25 anayechagua ubingwa hana haraka ya kuchagua nyumba ya wazee, ambako malipo ni madogo, harufu ni kali na wagonjwa hawaponi. Waliochagua njia hiyo mara nyingi walikuwa watu wazima wenyewe, waliokwisha kumuuguza mama au bibi.

Hata hivyo, kazi yao ilionekana pale ilipopewa nafasi. Mwaka 1987 huko Minnesota wauguzi-tabibu wawili, Jeannine Bayard na Ruth Ann Jacobson, walianzisha mpango ulioitwa Evercare. Wazo lilikuwa jepesi: badala ya mzee wa nyumba ya wazee kupakiwa kwenye gari la wagonjwa kila anapopata homa, muuguzi-tabibu awe anamjua, anamtembelea, anatibu nimonia palepale kitandani, anaongea na watoto wake kwa simu. Watafiti walipolinganisha baadaye, wazee wasiokuwa kwenye mpango huo walilazwa hospitalini mara mbili zaidi ya waliokuwemo. Anayejua mzee aliyechanganyikiwa anavyopata tabu katika chumba cha dharura cha hospitali ya mjini, usiku wa manane, kati ya sura asizozijua, hahitaji takwimu nyingi kuelewa faida yake.

Sasa tuje kwenye shule yenyewe, maana hapa ndipo historia inaponoga.

Kufikia miaka ya 1980, muuguzi aliyetaka kuwa muuguzi-tabibu alipaswa kwenda mjini, kwenye chuo kikuu, miaka miwili au zaidi. Muuguzi wa kijijini ana mume, ana watoto, ana zamu katika hospitali ya wilaya ambayo ikimkosa haina mwingine. Aliyefanikiwa kwenda, mara nyingi hakurudi. Alipata kazi mjini, watoto wakazoea shule, mambo yakaishia hapo. Mji ulikuwa ukisomesha watu wa kijiji kwa faida ya mji.

Mtu aliyeikamata hoja hiyo alikuwa Kitty Ernst. Alihitimu ukunga Hyden mwaka 1951, enzi za farasi, na maisha yake yote aliyatumia kupigania ukunga nje ya hospitali kubwa. Mwaka 1989 shule ya Frontier ilianza mpango wa kumsomesha mkunga katika jamii yake mwenyewe, na yeye akiwa ndiye msukumo wake mkuu. Mwanafunzi alikwenda Hyden kwa siku chache, akaonana na walimu na wenzake, akazoea milima, akarudi nyumbani na masomo yaliyofungwa kwa mafungu. Alisoma usiku, akatuma kazi kwa posta, akapiga simu kwa mwalimu. Alipomaliza nadharia alirudi Hyden kujaribiwa mikono, kisha akaenda kufanya mafunzo kwa vitendo karibu na kwao, chini ya mkunga mwenye uzoefu aliyekubali kumsimamia. Waliosoma kwa njia ya posta Tanzania au Kenya katika miaka ya 1970 wanaijua bahasha ile, na wanajua pia jinsi inavyochelewa.

Wakosoaji walicheka. Ukunga kwa posta! Lakini mtihani wa kitaifa wa vyeti haukujali mtu alisomea wapi, na wahitimu wale waliufanya sawa na wengine. Baadaye mbinu hiyo hiyo ilitumika kwa wauguzi-tabibu wa familia. Intaneti ilipofika, shule haikuwa na haja ya kubadili falsafa yake. Ilibadili bahasha.

Kompyuta nayo ilikuwa na historia yake katika uuguzi, ndefu kuliko inavyodhaniwa. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mhandisi Donald Bitzer alibuni mwaka 1960 mfumo wa kufundishia uitwao PLATO. Mkewe, Maryann Bitzer, alikuwa muuguzi. Mwaka 1963 aliutumia kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi wa hospitali ya Mercy, mjini Urbana, jinsi ya kumhudumia mgonjwa wa shambulio la moyo: mwanafunzi anaona hali ya mgonjwa kwenye kioo, anauliza, anachagua la kufanya, mashine inamjibu. Yaani uuguzi ulikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kabisa kufundishwa kwa kompyuta, miaka miwili kabla ya Ford na Silver. Mbinu hii ilikaa muda mrefu bila kukutana na yule mwanafunzi wa kijijini, kwa kuwa mashine zilikuwa ghali na zilikaa chuoni. Zilipokutana, mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia intaneti ya simu iliyokuwa ikilia na kukatika, kila chuo kikuu kikagundua kwamba kina wanafunzi ambao hakijawahi kuwaona.

Fedha zilisukuma pia. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya bajeti iliyoiwezesha Medicare kumlipa muuguzi-tabibu moja kwa moja popote alipo, kwa asilimia 85 ya malipo ya daktari, kuanzia Januari 1998. Kabla ya hapo malipo ya namna hiyo yalibanwa kwa maeneo ya vijijini na nyumba za wazee. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Mary Mundinger, walichapisha jaribio la wagonjwa 1,316 waliogawanywa kati ya madaktari na wauguzi-tabibu mjini New York. Baada ya miezi sita afya zao zilikuwa sawa. Malipo yakiwepo, na ushahidi ukiwepo, wanafunzi hawakosekani. Vyuo vikongwe vilivyokuwa vikidharau elimu ya masafa vikaanza kuitangaza. Mwaka 2011 Georgetown, chuo cha Wajesuiti mjini Washington, kilifungua masomo ya uzamili ya uuguzi mtandaoni kwa kushirikiana na kampuni ya teknolojia. Mwaka huo huo shule ya Hyden ikawa Frontier Nursing University.

Wakati vyuo vikikimbizana, kamati zilikuwa zikikaa. Mwaka 2008 mashirika ya uuguzi, baada ya miaka ya mabishano, yalikubaliana juu ya mfumo mmoja wa nchi nzima wa kada za juu za uuguzi. Makundi ya wagonjwa yakawa sita: familia, watoto, watoto wachanga, afya ya wanawake, afya ya akili, na watu wazima pamoja na wazee. Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha mambo. Zamani kulikuwa na muuguzi-tabibu wa watu wazima, na mwingine wa wazee, na huyu wa pili alikuwa anatoweka kwa kukosa warithi. Kamati ikavunja ukuta: anayetaka kutibu watu wazima atasoma na wazee pia, kuanzia kijana anayebalehe hadi ajuza anayesubiri safari yake ya mwisho, na mtihani utakuwa mmoja. Mitihani mipya ilianza mwaka 2013, na ile ya zamani ikafungwa hatua kwa hatua. Kundi hilo nalo likagawanywa mara mbili, wa huduma ya msingi na wa wagonjwa mahututi.

Wataalamu wa wazee walinung'unika kwamba ubingwa wao umemezwa. Naona walikuwa na hoja, ila kamati ilikuwa na hoja nzito zaidi. Mwaka 2011 watu wa kwanza wa kizazi kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walifikisha miaka 65, na nyuma yao kulikuwa na mamilioni. Huwezi kuwasubiri wanafunzi waupende uzee kwa hiari yao. Hata sasa, karibu saba kati ya kila wauguzi-tabibu kumi wa Marekani ni wa familia. Wanaochagua watu wazima na wazee ni wachache. Lakini angalau kila mmoja wao ameshajifunza kumtazama mzee.

Mafunzo yenyewe, kwa mtu aliye mbele ya kompyuta Nebraska au Alaska, yakoje? Anaanza na masomo matatu ambayo hayaepukiki: jinsi mwili unavyougua, jinsi dawa zinavyofanya kazi, na jinsi ya kumpima mgonjwa kuanzia kichwa hadi vidole vya miguu. Mihadhara anaisikiliza kwa wakati wake, mara nyingi watoto wakishalala. Mijadala mingine inafanyika wote wakiwa mtandaoni kwa saa moja. Kumpima mgonjwa anajifunza kwa mume wake, dada yake au jirani mvumilivu, akijirekodi kwa video na kuituma kwa mwalimu, ambaye anairudisha na maoni: umeweka kipimo cha kifua juu ya shati, rudia. Mara moja au mara kadhaa anasafiri hadi chuoni, ambako anakutana na waigizaji waliofunzwa kuwa wagonjwa. Mbinu hiyo ilibuniwa na daktari Howard Barrows huko California mwaka 1963.

Somo la wazee lina vitu vyake. Mzee huugua kwa siri: nimonia inaweza kuja bila homa, na ugonjwa wa moyo ukajionyesha kwa kukosa hamu ya kula tu. Mwanafunzi anajifunza kutenganisha kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako kuna sababu ya kutafutwa leo hii, na usahaulifu unaokuja polepole kwa miaka, na huzuni inayojifanya usahaulifu. Anajifunza kumwambia mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kukaa, huku saa ikihesabu. Sekunde zile zinamwambia kama mzee yuko karibu kuanguka. Anajifunza orodha iliyoanzishwa na daktari Mark Beers mwaka 1991 ya dawa zinazofaa kuepukwa kwa wazee. Na anajifunza kumwomba mgonjwa alete dawa zake zote ndani ya mfuko, zile za daktari wa moyo, za daktari wa mifupa, za duka la kona na zile alizopewa na rafiki kanisani, azimwage mezani. Mara nyingi tiba bora siku hiyo ni kufuta dawa.

Mengi ya haya yanafundishika kwa kioo, hata kuzidi darasani, kwani mwanafunzi anaweza kuirudia video ya mzee anayetembea mara kumi. Yasiyofundishika kwa kioo ndiyo yaliyozua ugomvi. Kwa miaka mingi mwanafunzi alitakiwa awe na saa 500 za mafunzo kwa vitendo, akikaa na wagonjwa halisi chini ya msimamizi; viwango vipya vya mwaka 2022 vimezipandisha hadi 750. Chuo cha mjini kilikuwa na hospitali yake. Chuo cha mtandaoni chenye wanafunzi katika majimbo arobaini hakina, na baadhi ya vyuo viliwaachia wanafunzi wajitafutie wasimamizi wenyewe. Mtu anapiga simu kliniki thelathini, zote zinakataa, muhula unapita na ada imelipwa. Wengine wameishia kulipia mawakala wa kuwatafutia nafasi. Hii ndiyo aibu ya mfumo huu, na haikuletwa na intaneti bali na pupa: kuongeza viti darasani ni rahisi, kuongeza wagonjwa na walimu wa kando ya kitanda si rahisi. Ernst aliposomesha kwa posta, sharti la msimamizi aliye karibu na nyumbani lilikuwa ndilo kiini cha mpango. Waliomwiga wengi walichukua bahasha wakaliacha sharti.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti kuwa wa diploma kwa kutumia kompyuta, wakilenga wauguzi 22,000 waliokuwa kazini na ambao isingewezekana kuwaondoa wote wodini kwenda shule. Sababu ilikuwa ileile ya Hyden: nani atabaki na wagonjwa? Na kuna uhusiano mwingine wa karibu zaidi. Katika nyumba za wazee za Minnesota, Massachusetts au Texas, si ajabu kusikia Kiswahili korido nzima. Wakenya wengi walianza kwa kuosha na kulisha wazee kwa malipo ya saa, wakasomea uuguzi, kisha uzamili wa mtandaoni katikati ya zamu mbili. Mtu aliyelelewa kumwamkia mzee shikamoo, au kumsikiliza bila kumkata kauli, hahitaji kufundishwa sehemu fulani ya somo hilo.

Februari 2020 ugonjwa wa korona ulilipuka katika nyumba ya wazee ya Kirkland, jimbo la Washington, na ndani ya wiki chache kila chuo nchini kikawa cha mtandaoni kwa lazima. Vile vilivyokuwa vimezoea havikutetereka darasani, ila kliniki zilifunga milango kwa wanafunzi wote, na suala la saa za vitendo likawa wazi kwa kila mtu. Baadhi ya majimbo yalilegeza kwa muda masharti yaliyomtaka muuguzi-tabibu awe na mkataba na daktari. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yanamruhusu kufanya kazi bila mkataba huo.

Loretta Ford aliyaona yote. Alifariki Januari 2025 huko Florida, akiwa na miaka 104, wakati kada aliyoianzisha imepita watu laki tatu na themanini. Majimbo kadhaa nayo yamegeukia mlango uliobaki umefungwa, yaani uhaba wa wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo. Georgia ilianza mwaka 2014 kuwapunguzia kodi madaktari wanaosimamia wanafunzi bila malipo, na baadaye ikawajumuisha wauguzi wa kada za juu. Maryland ilifuata mwaka 2016, Hawaii mwaka 2018. Msimamizi anajaza fomu, anaonyesha saa alizokaa na mwanafunzi, na serikali inamrudishia kiasi kwenye kodi yake.